Sanduku la Stima: Kutengeneza Kifaa cha Umeme cha Mitambo ya Mawasiliano, Kitui na Makueni

Kazi yangu ni kuandika programu, lakini kwa miezi kadhaa nimeshika drili, lehemu na mita ya volti kuliko nilivyoshika kibodi. Nilikuwa natengeneza kifaa cha kugawa umeme, kinachoingia ndani ya raki na kulisha redio, rauta na swichi za mtandao wa kikundi kimoja cha wanakijiji. Leo naeleza kilivyotengenezwa, na kwa nini. Kama kwenu stima inakuja na kwenda kama mgeni asiye na adabu, huenda ukapata cha kubeba hapa.

Kwanza mahali penyewe. Kitui na Makueni zinapakana kwenye Mto Athi. Upande wa Kitui kuna uwanda wa Yatta, ule mgongo mrefu wa lava unaonyooka kwa karibu kilomita 290. Kutoka mji wa Kitui hadi Wote ni kama kilomita 60 kwa mstari ulionyooka, lakini kwa barabara ni safari ya kuzunguka. Kwa redio ni rahisi zaidi. Ukisimama kwenye kilima kimoja upande wa Kwa Vonza siku isiyo na vumbi, unaona vilima vya Makueni kama vimechorwa. Na unachokiona kwa macho, antena nayo inakiona.

Kikundi hiki kilijenga mlingoti juu ya kilima hicho. Redio moja inatazama mjini Kitui, mtandao unakotoka. Ya pili inavuka Athi hadi mlingoti mwenzake upande wa Makueni. Antena ya tatu, pana, inahudumia nyumba 46 na saiba moja sokoni. Ya nne, ndogo, inalisha zahanati na shule. Kila nyumba inachanga shilingi 500 kwa mwezi. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao ya kijamii ya namna hii, kwa hiyo si biashara ya kujificha.

Tatizo halikuwa redio. Redio hizi ni ngumu, zinakula jua na mvua bila malalamiko. Tatizo lilikuwa stima.

Mtambo wa umeme wa kwanza uliwekwa na kampuni moja ya Nairobi ambayo sitaitaja. Walileta betri mbili za asidi, inveta ya kugeuza volti 12 kuwa 240, na ekstensheni yenye adapta sita zimening'inia kama popo. Mwaka haukuisha betri zikavimba. Stima ikipotea, mtandao ulikufa baada ya dakika 40. Zahanati ndiyo iliumia zaidi. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, uandikishaji wa mgonjwa unafanyika mtandaoni. Mama anatembea kilomita 8 na mtoto mgongoni, anafika, anaambiwa asubiri mtandao urudi. Wanachama walianza kusema waziwazi kwamba kikundi kivunjwe, mlingoti uuzwe, na kila mtu arudishiwe alichochanga.

Mwenyekiti wa kikundi ni mama mmoja mwalimu mstaafu, sote tunamwita Mwaitu. Akaniita. Nikaanza kumweleza habari za volti na ampea. Akanisikiliza kwa upole, kisha akasema: "Mwanangu, hizo volti sizijui. Nijibu jambo moja. Daktari akibonyeza pale zahanati, saa yoyote, itafanya kazi?"

Swali hilo ndilo nililoliandika juu ya karatasi ya kwanza ya mchoro.

Kwa nini stima haiaminiki hata ukiwa nayo

Watu hufikiri tatizo la umeme vijijini ni kupotea tu. Kupotea ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni umeme ulio dhaifu. Kenya tunatumia volti 240, lakini ukiwa mwisho wa laini ndefu, saa moja jioni kila mtu anapowasha taa na televisheni, volti zinashuka. Pale kilimani nilipima 187. Halafu usiku wa manane, watu wakilala, zinapanda juu. Chaja ya zamani yenye transfoma nzito ikipewa volti 187 haichaji betri ikajaa. Inaipa nusu shibe kila siku. Betri ya asidi isiyojazwa hufa mapema. Ongeza joto: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri ya asidi hupungua karibu kwa nusu. Ndani ya kibanda cha mabati pale juu, mwezi wa pili, nyuzi 38 ni jambo la kawaida. Betri zile hazikuwa na bahati tangu siku ya kwanza.

Na hata mtandao wa taifa una siku zake. Tarehe 25 Agosti 2023 giza liliingia karibu nchi nzima, sehemu nyingine zikakaa karibu siku nzima bila stima, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakumbwa na giza. Kabla ya hapo, tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha Gitaru kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma, na kwa maelezo ya KenGen zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi ikazimika. Tumbili alipona! Sisi wa Ukambani tunalijua bonde hilo la Tana vizuri. Bwawa la Kiambere liko mpakani mwa Kitui na Embu, na wako watu wetu waliokaa miaka mingi wakitazama nyaya zikipita juu ya vichwa vyao huku wao wakiwasha koroboi.

Basi nikaamua hivi: stima ya laini ni mgeni. Akija tumkaribishe, asipokuja chakula kiwepo. Nyumba ijitegemee kwa betri na jua.

Hesabu kwanza

Sisi waandishi wa programu tuna tabia ya kuanza kuandika kabla ya kufikiri. Umeme haukupi nafasi hiyo, maana kosa linatoa moshi. Nilipima kila kifaa kinakula nini. Redio mbili za masafa marefu, wati 8 kila moja. Antena pana ya nyumba na saiba, wati 12. Redio ndogo ya zahanati na shule, 6. Rauta 7, swichi 10, na kompyuta ndogo ya kuangalia hali ya mtandao, 4. Jumla wati 55.

Wati 55 ni kidogo, pungufu ya balbu moja ya zamani ya wati 60. Kwa nini basi betri mbili kubwa zilishindwa? Kwa sababu ya safari. Umeme ulitoka kwenye betri ukiwa wa moja kwa moja, volti 12. Inveta ikaugeuza kuwa 240 wa kubadilika, ikapoteza asilimia 15 njiani. Kisha adapta sita zikaugeuza tena kuwa wa moja kwa moja, zikapoteza kama asilimia 20. Zidisha 0.85 kwa 0.80, unapata 0.68. Ili upate wati 55 zenye kazi, unachota 81. Wati 26 zinapasha moto kibanda ambacho tayari ni tanuri, usiku na mchana. Ni kama kubadilisha shilingi kuwa dola halafu dola kuwa shilingi ili ununue sukuma wiki kwa jirani. Kila mbadilishaji anakata chake.

Dawa ni kuondoa inveta kabisa. Umeme utoke kwenye betri, upite kwenye kigeuzi kimoja tu, uingie kwenye redio. Kwa vigeuzi vizuri unapoteza kama asilimia 10. Wati 55 zinahitaji 61 kutoka kwenye betri. Hapo tu nimeokoa wati 20 bila kununua paneli hata moja.

Makampuni ya simu yalijua hili zamani. Mitambo yao hutumia volti 48 za moja kwa moja, na chanya ndiyo iliyofungwa ardhini, kwa hiyo wanaandika hasi 48. Desturi hiyo ilitoka enzi za nyaya za simu za kufukiwa: waya ukiwa hasi kuliko udongo, shaba haili kutu upesi. Mimi sikufuata hasi yao, maana vifaa vyangu vyote vinataka hasi iwe ndiyo ya ardhini. Lakini wazo la kuondoa inveta nililichukua lote.

Betri na volti zake

Nilichagua betri za lithiamu, zile za aina ya LiFePO4, seli 8 za ampea-saa 100 kwa mstari. Kila seli ni volti 3.2, kwa hiyo 25.6 jumla. 25.6 mara 100 ni wati-saa 2560. Nikijizuia kutumia asilimia 80, napata 2048. Gawanya kwa 61, ni saa 33 na nusu. Giza la Agosti 2023 lingepita na redio zisijue.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Redio zimeandikwa volti 24, betri nayo wanaiita ya 24, basi mtu anaziunganisha moja kwa moja. Lakini betri ya seli 8 haikai kwenye 24. Ikiwa imejaa inaweza kufika 29.2, na ikikaribia kwisha inashuka hata 22 na chini yake. Redio ya volti 24 inaweza kuungua juu na kuzimika chini. Kwa hiyo njia ya 24 inahitaji kigeuzi kinachoweza kupandisha na kushusha pia, ili nje itoke 24 daima, ndani kukiwa 22 ama 28. Njia ya swichi inapandishwa hadi 48. Njia ya rauta inashushwa hadi 12, na ya kompyuta ndogo hadi 5. Njia nne, vigeuzi vinne. Chaja nimeiwekea kikomo cha volti 28, yaani 3.5 kwa seli. Betri haijazwi hadi ukingoni, na umri wake unaongezeka.

Kwa nini nisitumie volti 12 kila mahali, maana ndizo mafundi wa magari wanazozijua? Kwa sababu ya waya. Redio iko juu ya mlingoti, mita 40 za waya wa mtandao kutoka kwenye raki, na umeme unapanda kwenye waya huohuo. Nyuzi za ndani ni nyembamba. Ukiunganisha jozi moja kwenda na jozi moja kurudi, ukinzani wa mita 40 ni kama ohmu 3.4. Redio ya wati 8 kwa volti 24 inavuta ampea 0.33, kwa hiyo unapoteza volti 1.1 njiani. Sawa, hakuna shida. Kwa volti 12 ingevuta mara mbili, ikapoteza zaidi ya volti 2 kati ya 12, na redio ingeanza kuyumba. Volti zikipanda mkondo unapungua, na kinachopotea njiani ni mkondo mara ukinzani. Hayo ni mambo ya shule ya sekondari, lakini ndiyo yanayoamua mtandao utasimama au utalala.

Sanduku lenyewe

Raki ya kawaida ina upana wa inchi 19, yaani milimita 482.6 ukipima na masikio ya kufungia. Urefu wa kwenda juu unahesabiwa kwa yuniti, na yuniti moja ni milimita 44.45. Sanduku la vigeuzi nililipa yuniti 2. Betri nililipa yuniti 4, milimita 177.8. Seli zina kimo cha kama milimita 118, na juu yake nilitaka nafasi ya vipande vya shaba vya kuunganishia, kidhibiti cha betri, na vidole vya fundi. Trei ya betri iko chini kabisa ya raki. Zaidi ya kilo 16 ukiziweka juu, raki itainama kama mlevi.

Kazi ya chuma nilimpelekea fundi wa jua kali mjini Kitui. Alitazama mchoro wangu, akaona matundu madogomadogo na wavu nyuma yake, akauliza: "Injinia, hii ni ya kuku ama ni ya nini?" Nikamwambia ni ya kuzuia nyigu na mijusi. Akacheka, lakini akaelewa mara moja, maana kila mtu Ukambani anajua nyigu wa udongo akiona tundu atalijenga, na mjusi kafiri akiona joto atalala hapo. Mjusi akilala juu ya nyaya mbili za volti 48 hatapona kama yule tumbili wa Gitaru, na mtandao wako utaondoka naye.

Kwa ajili ya vumbi hakuna feni hata moja. Feni kwenye vumbi jekundu la Kitui ni kinywa kisichofungwa. Inavuta udongo ndani mpaka inakwama, halafu kifaa kilichotegemea feni kinaungua. Badala yake vigeuzi vimefungwa kwa skrubu kwenye ubao mnene wa alumini, na ubao huo ndio mgongo wa sanduku. Joto linatoka kwa chuma. Wati 6 za joto zinatoka zenyewe bila kusukumwa. Hii ni faida nyingine ya kupoteza kidogo: usipotengeneza joto, huna haja ya kulifukuza.

Kisha ulinzi. Kila njia ina fyuzi yake, ili redio moja ikifa kwa hasira isizime wenzake. Karibu kabisa na betri kuna fyuzi ya ampea 30, maana betri ya lithiamu ikiguswa nyaya mbili kwa bahati mbaya inatoa mkondo wa kuchomelea lango. Na tafadhali, ndugu fundi, usitumie swichi ya kujikata ya nyumbani kwenye umeme wa moja kwa moja wa betri. Stima ya nyumbani inapita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche ikitokea kwenye swichi inazimika yenyewe kwenye sifuri. Umeme wa betri haupiti sifuri kamwe. Cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya swichi mpaka iyeyuke. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya umeme wa moja kwa moja, au tumia fyuzi.

Radi nayo ina msimu. Huku kwetu mvua ya vuli, Oktoba hadi Desemba, ndiyo inayotegemewa na wakulima kuliko ya masika, na inakuja na radi zake. Mlingoti juu ya kilima ni kama kumpungia radi mkono. Tulifunga mlingoti, raki, mabano ya paneli na vizuia-radi vya kila waya kwenye sehemu moja ya ardhi, si kila kimoja na fimbo yake. Fimbo zikiwa mbalimbali bila kuunganishwa, radi ikipiga karibu kila fimbo inakuwa na volti tofauti, na tofauti hiyo inapita kutafuta njia ndani ya vifaa vyako. Udongo wa kilimani ni mkavu, hivyo fimbo za shaba zilizikwa kwenye mashimo yaliyojazwa makaa na udongo wa mfinyanzi, mahali maji ya paa yanapomwagikia.

Upande wa jua nilifanya hesabu ya chini: saa 5 za jua kamili kwa siku. Wati 61 kwa saa 24 ni wati-saa 1464. Gawanya kwa 5, ni wati 293. Ongeza upotevu wa vumbi, joto na mawingu, ukafika karibu 400. Paneli mbili za wati 200. Stima ya laini inaingia kupitia chaja ya ampea 10 inayokubali kuanzia volti 90 hadi 264, kwa hiyo zile 187 za jioni haziisumbui. Betri ikiwa imeshuka hadi asilimia 20, chaja hiyo inairudisha kwa saa 10 na ushee huku redio zikiendelea kufanya kazi.

Programu ikifa, umeme usife

Sasa tunafika kwenye shamba langu. Ndani ya sanduku kuna mikrokontrola moja ndogo. Inapima volti na mkondo unaoingia na kutoka kwenye betri, inajumlisha, na kila dakika inatuma namba kwenye kompyuta ndogo. Kujumlisha mkondo ni lazima kwa betri hizi. Betri ya asidi ukipima volti unaweza kukisia imebaki kiasi gani. LiFePO4 inakaa karibu volti ileile kutoka asilimia 80 hadi 30, inakutabasamia tu, halafu inaanguka ghafla. Huwezi kuijua kwa uso wake. Ni lazima uweke daftari la mapato na matumizi.

Mikrokontrola pia inaweza kukata njia moja moja. Tulikaa na kamati chini ya mwembe tukapanga nani akatwe kwanza njaa ikiingia. Hilo lilikuwa mkutano mgumu kuliko kazi yote ya chuma. Kijana wa saiba alisema yeye ndiye anayeleta wateja, vijana wanaojaza fomu za HELB na za kodi. Wenye nyumba walisema wao ndio wanaochanga. Mwaitu aliacha kila mtu aseme, kisha akauliza kama kuna aliye tayari kusimama mbele ya zahanati na kumweleza mama mjamzito kwa nini sinema ya jirani imetangulia. Pakawa kimya. Uamuzi ukaandikwa: betri ikibaki asilimia 30, antena ya nyumba na saiba inazimwa. Ikibaki 15, njia ya Makueni inapumzika. Zahanati na shule wanabaki mpaka mwisho. Sijawahi kuandika mistari michache ya programu iliyojadiliwa na watu wengi kiasi hicho.

Lakini kanuni niliyoisimamia mimi ni hii: programu haikai katikati ya njia ya umeme. Relei zote ni za aina inayopitisha umeme wakati haijaamriwa kitu. Ili kukata, ni lazima programu iwe hai na iseme "kata". Mikrokontrola ikiganda, ikiungua, au mimi nikituma toleo jipya lenye kasoro nikiwa Nairobi, kila relei inarudi kwenye kupitisha. Kinachokulinda usiue betri kabisa ni kidhibiti cha betri chenyewe, ambacho hakina habari na programu yangu. Nimeona vifaa vingi vya "kisasa" ambavyo bila programu havifanyi hata kazi ya waya. Waya mzuri kazi yake ni kuwa waya. Akili iongeze, isije ikawa ndiyo roho.

Mtihani

Mvua za Novemba zilikuja na upepo, nguzo ikaanguka mahali. Stima ikapotea Ijumaa saa 9 alasiri. Mimi nilikuwa Nairobi nikiangalia namba kwenye simu. Jumamosi ilikuwa ya mawingu matupu, paneli zikaleta kama wati-saa 400 tu siku nzima. Usiku wa kuamkia Jumapili, saa 9, betri ikagusa asilimia 30 na antena ya nyumba ikazimwa kama ilivyoandikwa. Matumizi yakashuka kutoka wati 61 hadi 48. Stima ikarudi Jumapili saa 3 asubuhi, saa 42 tangu iondoke. Betri ilikuwa na asilimia 19.

Kwa saa hizo 42 njia ya zahanati haikukatika hata dakika. Nyumba zilikaa saa 6 bila mtandao, nyingi ya hizo watu wakiwa wamelala. Mkutano wa kikundi uliofuata, ajenda ya kuuza mlingoti haikusomwa. Mwaitu alisema neno moja la Kikamba, "Nesa," akapita kwenye ajenda ya pili, ambayo ilikuwa ada za walioachwa nyuma. Sina sifa nyingine niliyopewa na wala siihitaji.

Kwa anayetaka kujaribu

Gharama kubwa ni betri. Zilikula zaidi ya nusu ya fedha zote. Chuma, fyuzi na nyaya ni kidogo, lakini ndivyo vinavyoamua kama betri hizo zitaishi. Pima kabla ya kununua. Andika kwenye kila waya jina lake, na bandika mchoro ndani ya mlango wa raki, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wanaokaa pale, maana siku kitakapoharibika wewe hutakuwepo. Usifungue chaja ya volti 240 kama hujafundishwa. Nunua iliyokamilika na uishughulikie upande wa betri tu. Na acha spea ya kila kigeuzi kwenye droo ya raki, sio kwenye duka la Nairobi.

Sasa hivi sanduku la pili linatengenezwa upande wa Makueni. Safari hii silitengenezi mimi. Kijana mmoja wa Wote aliyesomea umeme chuo cha ufundi amechukua michoro, amebadilisha mpangilio wa fyuzi ziwe mbele ambapo mtu anazifikia bila kutoa sanduku, na amenionyesha kwa nini wazo lake ni bora. Ni bora kweli. Nitamwachia alete hesabu zake, nami nitaziandika hapa.

Tuonane wakati mwingine. Kila la heri, na stima isikupotee!